Chumvi Isiyoonekana Ramanini: Uhakiki wa Usanifu wa Ramani na Visa vya Michezo ya Vita ya Ubaoni kwa Mfano wa Katwe-Kabatoro, 1891

Ikisiri

Michezo ya vita ya ubaoni inayojengwa juu ya matukio ya kihistoria huhesabiwa kuwa burudani tu, na kwa sababu hiyo bado haijazoeleka kuhakikiwa katika taaluma za Kiswahili. Makala haya yanaichukulia ramani ya mchezo wa aina hiyo, pamoja na kisa chake, kuwa ni matini yenye mwandishi, msimamo na hadhira. Kipimo kinachotumika ni kimoja: mapambano ya kuigombea Katwe, magharibi mwa Uganda, katika mwaka 1891. Inaonyeshwa kwamba hukumu ya mchezo kuhusu historia hutolewa kabla dadu haijarushwa, nayo hutolewa kwa ukubwa wa kizio cha ramani, kwa masharti ya ushindi, kwa zamu ya mwisho na kwa majina yanayoandikwa juu ya vipande. Bao la Kiswahili linaletwa kama mfano wa mantiki nyingine ya vita ubaoni.

1.0 Utangulizi

Katwe-Kabatoro ni mji mdogo wa Wilaya ya Kasese, kaskazini mwa Ziwa Edward, karibu na mstari wa Ikweta, uliozungukwa pande zote za nchi kavu na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kando yake liko ziwa la Katwe, lililokaa ndani ya kasoko ya volkano, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 2.5. Ni ziwa dogo, lakini chumvi yake ilichimbwa vizazi vingi kabla hajafika mgeni yeyote wa kuandika habari zake. Mwamba wa chumvi hutolewa chini ya maji, na majaruba ya pembeni hutoa chumvi nyingine wakati wa kiangazi. Kwa ajili ya chumvi hiyo watu wa Ankole, Toro na Bunyoro, pamoja na wale wa ng'ambo ya ziwa katika nchi ambayo leo ni Kongo, walikuja na vyakula, majembe na mifugo.

Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipopita hapo, aliikuta Katwe ikilindwa na Abarusura, askari wa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Miaka miwili baadaye, katikati ya 1891, Kapteni Frederick Lugard wa Imperial British East Africa Company alifika kutokea Buganda kwa njia ya Ankole, akiwa na bunduki ya Maxim, askari wa Kisudani, wapagazi waliosema Kiswahili, na mwanamfalme wa Toro aliyekuwa amekimbilia Buganda, Kasagama. Lugard akaitwaa Katwe na kujenga boma aliloliita Fort George. Agosti mwaka huohuo Kasagama aliwekwa katika kiti cha Toro. Msafara ukaendelea hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, ukawachukua Wasudani wa Selim Bey waliosalia katika jimbo la Emin Pasha, na kurudi nao kuja kuwagawa katika safu ya maboma kusini mwa Bunyoro.

Msanifu wa michezo ya vita akizisoma habari hizi hataona tabu kuvutiwa. Kuna msafara mdogo wenye silaha kali, jeshi kubwa lenye kujua nchi, mlima wenye theluji, maziwa mawili, na safari yenye mwanzo na mwisho. Makala haya hayahakiki mchezo mmoja uliokwisha kuchapishwa. Yanahakiki kanuni zilizozoeleka za usanifu, kwa kuuliza zingeifanya nini Katwe endapo zingetumiwa kama zilivyo.

2.0 Ramani, kisa na mkasa

Historia ya michezo hii imesimuliwa kwingine, na hapa yatosha kutaja vituo vichache. Katika Prussia, Reisswitz baba na Reisswitz mwana walibuni mchezo wa kufundishia maafisa wa jeshi. Ule wa mwana, wa mwaka 1824, ulichezwa juu ya ramani halisi za kijeshi chini ya msimamizi. Mchezo ulifika katika maduka ya raia kwa mkono wa Mmarekani Charles S. Roberts, aliyetoa Tactics mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ramani zenye vizio vya pembesita zikawa alama ya utanzu wenyewe. Kipande cha kadibodi chenye tarakimu mbili, moja ya nguvu na moja ya mwendo, kikawa ndiyo sarufi yake.

Utanzu huu haujapata istilahi tulivu katika Kiswahili. Kwa kizio cha ramani, neno pembesita lipo katika hisabati ya shule na halihitaji kutafutiwa mbadala. Zamu na dadu hazina matata. Kwa kipande cha kadibodi, neno kipande linafaa, ijapokuwa msomaji wa Kenya mwenye umri atakumbuka kipande kingine, kile ambacho mfanyakazi Mwafrika alilazimishwa kukibeba wakati wa ukoloni. Ugumu uko katika ile karatasi inayoeleza nani ameanza wapi, zamu ni ngapi, na nani ameshinda kwa sharti lipi. Wengine wanaweza kuridhika na senario. Makala haya yanapendelea kisa, licha ya kasoro ya wingi wake, maana visa huwapata pia watu wanaochokozana na wasafiri mbele ya dirisha la ubalozi. Faida ya neno hili ni kwamba Kiswahili kimelipa maana mbili zinazotembea pamoja: kisa ni hadithi, na kisa ni sababu. Anayeuliza kisa na mkasa hataki kusimuliwa tu kilichotokea, anataka pia kujua kilianzia wapi. Karatasi ya mchezo hufanya yote mawili bila kukiri kwamba imefanya la pili.

Mfano ulio karibu na kumbukumbu za wengi ni vita vya 1978 na 1979 kati ya Tanzania na Uganda. Kisa kinachoanza na uvamizi wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 humweka mchezaji wa Tanzania katika nafasi ya aliyevamiwa, na jina la Vita vya Kagera humkaa vizuri. Kisa kinachoanza Januari 1971, Idi Amin alipompindua Obote, au Septemba 1972, wakimbizi wa Uganda walipoingia nchini mwao kutokea Tanzania wakashindwa, huwa ni mchezo mwingine kabisa, hata kama vipande na pembesita ni vilevile. Hakuna mwanzo kati ya hii usio na ukweli. Lakini kila mmoja umekwisha kusema nani alianza, na mchezaji anayeketi mezani hapati nafasi ya kuupinga kwa dadu.

3.0 Ziwa ndani ya pembesita moja

Chukuliwe kwamba msanifu amechagua kizio cha kilomita nane kutoka upande hadi upande. Ni chaguo la busara: kutoka Katwe hadi mahali ambapo leo ni Fort Portal patakuwa na hatua kama kumi na mbili, na karatasi ya kawaida ya mezani itaweza kubeba Toro yote pamoja na sehemu ya Ankole. Pembesita ya kipimo hicho ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 55. Ziwa la Katwe ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya hapo. Kwa kanuni ya kawaida, sura ya nchi inayochukua sehemu kubwa ya pembesita ndiyo inayochorwa. Matokeo yake, pembesita ya Katwe itachorwa nyika, au itapakwa buluu ya Ziwa Edward lililo jirani, na chumvi itakuwa imetoweka kwa sababu ya hesabu tu, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Msanifu mwangalifu atalitambua tatizo na kuweka alama: nyota, au duara lenye jina Fort George. Hapa kosa la hesabu linakuwa kosa la kisomo. Boma lilijengwa kwa sababu ya chumvi, na Lugard mwenyewe aliiona chumvi hiyo kuwa chanzo cha mapato. Ramani yenye alama ya boma isiyo na alama ya chumvi inaonyesha mlinzi na kuficha kilicholindwa. Mchezaji ataipigania pembesita ile kwa kuwa ina pointi tano, bila kujua kwa nini mtu yeyote alifika kufia hapo.

Chanzo cha kasoro hii kinaweza kutajwa. Anayesanifu kisa cha 1891 ataanza na The Rise of Our East African Empire, kitabu cha Lugard cha juzuu mbili kilichotoka 1893, na akiwa na bidii ataongeza shajara zake zilizohaririwa na Margery Perham. Hizi ni matini za mtu aliyekuwa safarini. Nchi ndani yake ni kambi, mto wa kuvuka, kijiji chenye chakula au kisicho na chakula, siku ya mwendo. Ni matini tajiri, na hakuna sababu ya kuzitupa. Lakini ramani inayochorwa kwa kuzifuata itakuwa na nyama nyingi kando ya njia ya msafara na ngozi tupu kwingineko, na utupu huo ubaoni huitwa eneo wazi, lenye gharama ya mwendo moja.

Kuna hatari ya pili, nayo huwapata hasa wasanifu wa leo wenye picha za satelaiti. Wakiitazama nchi kati ya Katwe na Ziwa George wanaona nyika ya hifadhi, tembo na mashimo ya kasoko, na wanachora nyika. Nyika hiyo ina historia. Sotoka iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliwaangusha wafugaji wa Busongora kama ilivyowaangusha wengine. Baadaye malale yalileta amri za kuwahamisha watu kutoka fukwe za maziwa. Mwaka 1952 hifadhi ikaundwa kwa jina la Kazinga, na miaka miwili baadaye ikapewa jina la malkia. Ramani ya 1891 iliyochorwa kwa jicho la satelaiti inawaondoa watu kabla hawajaondoka. Kwa msomaji wa mbali hilo ni kosa dogo la sura ya nchi. Kwa Msongora wa Kasese, ambaye jamii yake haijaacha kugombea malisho, ni hoja dhidi yake.

La tatu ni maji. Kanuni ya kawaida inayafanya maji kuwa kizuizi: kipande hakiingii pembesita ya ziwa. Katika nchi hii kanuni hiyo inageuza mambo kichwa chini miguu juu. Mtu anayetoka Ankole kwenda Katwe hana budi kuvuka mlango wa Kazinga, mfereji wa asili wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30 unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, au auzunguke upande wa kaskazini mwa Ziwa George. Chumvi yenyewe ilisafiri kwa mitumbwi. Kwa hiyo mwenye mitumbwi ndiye mwenye barabara, na swali la kwanza la kamanda yeyote pale Kazinga lilikuwa mitumbwi iko ufukwe gani. Ramani inayopaswa kuchorwa hapa si ya pembesita hata kidogo. Ni ramani ya vituo vilivyounganishwa kwa njia, za nchi kavu na za majini, ambamo kila njia ya maji ina mwenyewe. Wasanifu wa kisasa wanazifahamu ramani za namna hiyo na wamezitumia kwingi. Mazoea tu ndiyo yanayowarudisha kwenye pembesita.

4.0 Kiangazi kama zamu

Mara nyingi zamu hugawanywa kwa wiki au mwezi, na hali ya hewa hutolewa kwa dadu. Katwe iko karibu na Ikweta na ina viangazi viwili kwa mwaka. Kiangazi ndicho msimu wa chumvi: jua hukausha majaruba, maji ya ziwa hupungua, na mavuno hupatikana. Mvua ikinyesha, ziwa hilohilo hurudi kuwa maji machungu.

Lugard alifika wakati wa kiangazi cha katikati ya mwaka. Kijeshi hilo huelezwa kwa urahisi wa njia kavu na mito yenye maji machache. Kwa upande wa uchumi lina maana nzito zaidi, kwani anayeitwaa Katwe wakati huo anatwaa mavuno, ilhali anayeitwaa wakati wa mvua anatwaa matope na ahadi. Mchezo unaohesabu pointi za Katwe sawasawa katika kila zamu haujaielewa Katwe. Afadhali pointi zihesabiwe viangazi viwili tu kwa mwaka, na zihesabiwe kwa mizigo iliyofanikiwa kutoka: iliyovushwa Kazinga kwenda Ankole, iliyopelekwa kaskazini kwa Kabalega, iliyokwenda ng'ambo ya ziwa. Hapo mchezaji wa Bunyoro atapata njia ya kushinda bila kuitwaa tena Fort George. Atakata njia za kutokea na kuliacha boma lilinde lundo lisiloliwa na mtu. Mchezaji wa Kampuni naye atagundua kwamba bunduki ya Maxim hailazimishi mwenye mtumbwi kuja sokoni.

Usanifu wa aina hii si ndoto. Volko Ruhnke, katika Andean Abyss ya mwaka 2012 kuhusu Kolombia, alizipa pande nne masharti tofauti ya ushindi, na mtindo wake umefuatwa na wasanifu wengi. Kinachokosekana katika kesi ya Katwe ni kisomo cha chumvi, kwa kuwa ufundi wa kuisanifu umekwisha kupatikana.

5.0 Kete isiyokufa

Katika mchezo wa vita wa kawaida kipande kilichoshindwa huondolewa ubaoni na kurudishwa kisandukuni. Wachezaji husema kimekufa. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, linalichukulia jambo hilo kwa namna nyingine. Kete inayoliwa haifi. Mshindi huichukua na kuisambaza katika mashimo ya upande wake, na kuanzia hapo inamfanyia kazi yeye. Hesabu ya kete haipungui hadi mwisho. Kinachobadilika ni ziko kwa nani. Omweso wa Uganda nao, wenye idadi hiyohiyo ya mashimo na kete, huwafanya mateka wa jana kuwa mbegu za leo.

Ni rahisi kulitaja bao kwa ajili ya kujivunia utamaduni, kisha kuliacha. Hapa linaletwa kwa sababu linaeleza mwaka 1891 vizuri zaidi kuliko kisanduku cha vipande vilivyokufa. Wasudani wa Selim Bey walikuwa askari wa Misri, waliotumwa katika jimbo la Ikweta, wakakatiwa njia na dola ya Mahdi, wakabaki chini ya bendera ya Khedive wasijue Khedive yuko wapi. Lugard alipowapata waligeuka kuwa askari wa Kampuni. Hawakuja peke yao. Waliofuatana nao, wanawake, watoto na watumwa kwa wingi, walifanya msafara wa watu zaidi ya 8,000. Miaka sita baadaye, mwaka 1897, Wasudani hao waliasi dhidi ya Waingereza. Abarusura wa Kabalega nao walitokana na watu wa asili mbalimbali, si Wanyoro peke yao. Kasagama mwenyewe alikuwa mkimbizi aliyesambazwa upya katika shimo la nyumbani kwake. Vita vya nchi hii vilikuwa vya kuchukua watu zaidi ya kuwaua, na mtego mkubwa wa kila mshindi ulikuwa kuwalisha wale aliowachukua.

Bao pia lina nyumba, shimo lenye hadhi ya pekee, ambalo mwenyewe anaweza kulihifadhi kwa muda au kulivunja na kusambaza vilivyomo. Katwe ilikuwa nyumba ya namna hiyo. Kabalega aliweka walinzi pale na kukusanya kilichopatikana. Aliyeivunja hakuteketeza kitu, alisambaza. Msanifu anayelijua bao angeweza kubuni kanuni ya mateka isiyo na kisanduku cha wafu: kila kipande kilichoshindwa hugeuzwa, na kwenye mgongo wake huonyesha tarakimu nyingine na gharama ya chakula. Mtu akiogopa kwamba mchezo hautakwisha, na akumbuke kuwa bao nalo huisha.

6.0 Majina juu ya vipande

Tarakimu za kipande hubishaniwa sana na wapenzi wa michezo hii. Jina lililo juu yake halibishaniwi. Katika karatasi ya upande mmoja kutakuwa na majina ya watu: Lugard, De Winton, Selim Bey. Katika upande wa pili, Kabalega akishatajwa, kutakuwa na makabila, Bakonzo watano, Basongora watatu, kila kipande na nguvu mbili. Hii ni sarufi ya nafsi: wengine wana nafsi ya umoja, wengine wana wingi tu. Kiswahili kikifuata mazoea ya Kiingereza hapa kitasema askari kwa watu wa Kampuni na wapiganaji kwa watu wa Kabalega, ingawa Abarusura walikuwa na makamanda, vikosi na vituo.

Pendekezo linalotolewa mara kwa mara ni kuzipa jamii zote upande wake, ili Wakonzo wa mlimani wasiwe sehemu ya mandhari. Nia ni njema. Lakini kipande kinachoitwa Mkonzo na kingine kinachoitwa Mtooro, kila kimoja na nguvu yake iliyochapishwa, si jambo jepesi kuliweka mezani Kasese. Wakonzo na Waamba waliuasi utawala wa Toro kati ya 1919 na 1921, na mwaka 1962 Isaya Mukirane na wenzake wakatangaza Rwenzururu, wakidai kujitenga na ufalme uleule uliorudishwa na Lugard na kupanuliwa na mkataba wa 1900. Novemba 2016 watu zaidi ya mia moja waliuawa Kasese, wengi wao katika uvamizi wa vyombo vya dola kwenye kasri la mfalme wa Rwenzururu. Aliyepoteza ndugu hapo ana haki ya kuuliza nani amekadiria nguvu ya kabila lake kuwa mbili.

Njia iliyo salama, na iliyo sahihi zaidi kihistoria, ni kuviita vipande kwa kazi na uaminifu: wenye mitumbwi wa Kazinga, wachimba chumvi, walinzi wa Abarusura, watu wa Kasagama, wafugaji wa uwandani, watu wa milimani waliokataa kulipa kodi. Kazi hubadilisha mkono na uaminifu huhama, jambo linaloafikiana na mantiki ya kete. Kabila halihami, na kulichapa kwenye kadibodi ni kulifanya gumu kuliko lilivyokuwa mwaka ule.

7.0 Zamu ya mwisho na ukingo wa karatasi

Kisa cha msafara kina mwisho wake wa asili: Kasagama amewekwa, maboma yamejengwa, Lugard anarudi Kampala Desemba 1891. Kikiishia hapo, mchezaji wa Kampuni aliyefuata mwenendo wa kweli atashinda, na karatasi itatangaza kwamba ushindi ulikuwa kurudisha ufalme wa Toro. Hapo ndipo mchezo wenye vipande sahihi, tarehe sahihi na mwendo sahihi unapoweza kusema lisilo kweli. Kuwekwa kwa Kasagama hakukuwa mwisho wa jambo kwa watu wa Busongora na wa milimani, bali mwanzo wa deni ambalo wajukuu wao walidaiwa. Msanifu hahitaji kuongeza zamu sabini hadi 1962. Anahitaji kuacha kuihesabu Agosti 1891 kama pointi za ushindi za upande mmoja, na badala yake kuihesabu kama gharama: kila eneo analopewa mfalme linahitaji walinzi, walinzi wanahitaji chakula, chakula kinalipwa kwa chumvi. Mchezaji atakayemrudishia Kasagama kila kitu kwa haraka atajikuta amewagawa watu wake katika maboma asiyoweza kuyalisha.

Linabaki suala la mahali pa kuikata ramani upande wa magharibi. Mazoea ni kuikata kwenye mpaka wa leo, Mto Lhubiriha, ambapo soko la Mpondwe huwakutanisha watu wa Bwera na wa Kasindi, nao hununua na kuuza kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili bila kuuliza ni cha nchi gani. Mwaka 1891 mpaka huo haukuwapo. Tamko la 1885 lililoeleza mipaka ya Dola Huru ya Kongo lilitumia longitudo ya 30 Mashariki, mstari uliopigwa kwa rula na watu ambao hawakujua unapita wapi. Ramani za miaka ile ziliuweka magharibi mno. Kwa vipimo vya leo Katwe iko karibu na longitudo 29 na dakika 53, na Bwera iko magharibi zaidi, kwa hiyo zote mbili zimo upande ambao maandishi yaliupa Kongo. Kasese mjini iko upande wa pili. Wapimaji wa 1907 na 1908 walipoonyesha mstari ulipo hasa, ilibidi serikali zijadiliane upya, na makubaliano ya Brussels ya Mei 1910 yakauacha mstari wa rula na kufuata mito na vilele vya Rwenzori. Chumvi ya Katwe ikabaki Uganda.

Ramani ya mchezo inayoishia Lhubiriha inaweka mwaka 1910 chini ya vipande vya 1891. Inawafungia pia wenye mitumbwi nusu ya soko lao. Karatasi iongezwe hatua chache upande wa magharibi, hadi Ishango, mahali ambapo Mto Semliki unatoka Ziwa Edward. Longitudo ya 30 nayo ichapwe kwa wino hafifu mara mbili: pale ramani za wakati ule zilipodhani inapita, na pale inapopita kweli. Kati ya mistari hiyo miwili iwekwe Katwe.